Modeli unayoweza kubishana nayo

Ripoti za usanifu wa barabara ninazoletewa nizipitie siku hizi huja na picha za kupendeza. Sura ya mifereji na madaraja huwa na ramani ya bonde zima iliyopakwa buluu: buluu iliyokolea pale maji yalipo na kina, buluu hafifu pembezoni, na vishale vidogo vinavyoonyesha maji yanakoelekea. Chini ya ramani pameandikwa kwamba kina cha maji kwenye kivuko, kwa mvua inayokuja mara moja katika miaka 50, ni mita 1.83. Nikifika hapo huuliza swali lile lile: hizo sentimita 3 za mwisho zimetoka wapi? Mto wenyewe haujawahi kuwekewa kipimo cha maji. Kituo cha mvua kilichotumika kiko ng'ambo ya mlima, upande ambao mawingu hufika yakiwa yamekwisha kumwaga. Umbo la ardhi limechukuliwa kutoka angani. Aliyeandaa ripoti, mara nyingi kijana mwenye akili na bidii, hunijibu kwa unyofu kabisa: "Ndivyo programu ilivyotoa, mzee."

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa makalavati na madaraja madogo, na msimamo wangu ni huu. Kwa mito midogo isiyopimwa, ambayo ndiyo mingi mno kati ya inayokatiza barabara zetu za wilaya, modeli rahisi ina manufaa kuliko modeli kubwa. Sisemi hivyo kwa sababu ya umaskini wa vifaa. Kompyuta tunazo, na programu za uigaji wa mafuriko zenye uwezo mkubwa zinapatikana bure. HEC-RAS ya wahandisi wa Jeshi la Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2016 inakuwezesha kusambaza maji juu ya ardhi yote vipande kwa vipande, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuiendesha kwenye laptop yake. Ubora wa modeli rahisi uko kwingine: mtu anayeijua ardhi anaweza kubishana nayo.

Modeli ninayoitetea zaidi ilizaliwa kwetu. Maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, iliyojulikana kwa kifupi kama TRRL, ilipima mvua na mtiririko wa maji katika mabonde madogo ya Kenya na Uganda, na mwaka 1976 ikachapisha ripoti ya D. Fiddes kuhusu modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki. Karibu nusu karne baadaye bado tunaitumia, na wengi wanaoitumia kupitia jedwali la Excel walilorithi kwa wenzao hawajui kwamba nyuma yake kuna watu waliopima vijito vya kweli msimu baada ya msimu.

Ina vigezo vitatu tu vya ardhi. Kwanza, kiasi cha mvua ambacho udongo mkavu hukinywa kabla maji hayajaanza kutiririka. Pili, ni sehemu gani ya bonde inayochangia maji mtoni. Hii hutegemea mwinamo, aina ya udongo, unyevu, na kilichoota au kulimwa juu yake. Tatu, muda ambao bonde hukawia kuyaachia maji hayo, kwa saa. Unazidisha mvua kwa eneo na kwa ile sehemu inayochangia, unapata ujazo wa maji. Unachukua asilimia 93 ya ujazo huo, unaigawanya kwa muda wa gharika nzima, unapata wastani wa mtiririko. Kilele ni mara 2.8 ya wastani katika bonde linaloachia maji haraka, na mara 2.3 katika bonde linalokawia. Basi. Hesabu nzima inakaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na mtu mwenye kikokotoo cha kawaida anaimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini uzuri wake uko kwenye jedwali la ule muda wa kukawia. Bonde kame, saa 0.1, yaani dakika 6. Malisho yaliyochakaa, nusu saa. Malisho mazuri, saa 1.5. Ardhi iliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, saa 3. Msitu, au bonde ambalo chini kumefunga vichaka, saa 8. Bonde lenye kinamasi cha mafunjo, saa 20. Aliyewahi kutazama kinamasi cha mafunjo kule Uganda, jinsi maji yanavyoingia upande mmoja kwa fujo na kutoka upande wa pili yametulia siku ya pili, ataisoma hiyo 20 na kutikisa kichwa kukubali. Na kuna muda wa mvua yenyewe: ukanda wa bara saa 0.75, ukanda wa milima ya Aberdare na Uluguru saa 2, ukanda wa pwani saa 4. Mtu aliyeishi Dodoma akahamia Tanga anazijua namba hizo bila kufundishwa. Mvua ya Dodoma humwaga ikakata. Ya Tanga huanza alfajiri na mchana ukaikuta bado ipo.

Kila namba katika modeli hii ina uso. Ukisema saa 8, umesema vichaka. Ukisema saa 3, umesema mahindi hadi ukingoni.

Faida ya jambo hilo niliiona vizuri chini ya milima ya Uluguru, upande wa Morogoro, tulipokwenda kukagua kivuko ambacho kila masika maji yalikuwa yakipita juu ya barabara. Palikuwa na mabomba matatu ya zege ya kipenyo cha milimita 900, mazima, yametengenezwa vizuri, hayajaziba. Wenzangu vijana walikuwa wameshaanza kusema kwamba aliyeyaweka alibahatisha. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia karibu akasimama, akajifuta mikono kwenye khanga, akatukaribia. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Mmekuja kupima tena?" Tulimwuliza maji hufika wapi. Akatuonyesha kwa jembe majani makavu yaliyonasa kwenye matawi ya mwembe, juu ya kimo cha mtu, kisha akaongeza jambo ambalo hatukuwa tumeuliza. "Zamani hayakuwa yakifika hapa. Hili bonde lote lilikuwa matete, mtu akiingia humwoni. Mvua ikinyesha huko juu usiku, sisi maji tunayaona kesho yake mchana. Wakaja wakalima mpaka mtoni. Siku hizi, hakujapambazuka yashafika."

Jioni ile tulikaa tukaandika. Bonde lilikuwa la kilomita za mraba 6, mto wake mrefu kilomita 4, mwinamo asilimia 2. Kwa udongo na mwinamo wa pale tulichukua mchango wa 0.3. Kisha tukafanya hesabu mara mbili, bonde la zamani na bonde la leo. Kwa bonde la matete modeli inasema punguza mchango kwa nusu, na muda wa kukawia ni saa 8. Kwa bonde lililolimwa hadi mtoni inasema ongeza mchango mara 1.5, na muda ni saa 3. Mvua ya usanifu ilikuwa milimita 100 kwa gharika ya saa 9 na ushei ya bonde la leo, na kama milimita 115 kwa saa 21 za bonde la zamani. Kilele cha bonde la zamani kikatoka karibu mita za ujazo 3 kwa sekunde. Cha leo, 17.

Bomba la milimita 900 hupitisha takriban mita 1 ya ujazo kwa sekunde kabla maji hayajajaa mno mlangoni. Mabomba matatu, mita 3. Aliyeyaweka hakubahatisha hata kidogo. Alilisanifia bonde la wakati wake, na akapatia.

Ubishi wa mezani ukaanza, na ndio ninaoutaka. Kijana mmoja akasema saa 3 ni nyingi, kwa kuwa wakulima wamechimba vijifereji vya kutoa maji mashambani, kwa hiyo bonde linaachia haraka zaidi. Mwingine akasema upande wa juu bado kuna miti, basi mchango wa 1.5 usichukuliwe kwa eneo lote. Hoja zote mbili zilikuwa za haki, na zote mbili zilikuwa na mahali pa kukaa kwenye hesabu. Tulizijaribu. Kilele kilipanda kidogo kwa hoja ya kwanza, kikashuka kwa ya pili, na uamuzi ukabaki pale pale: makalavati mawili ya boksi ya mita 2 kwa 2. Ukitumia kanuni ya 1.7 mara upana mara kina kwa kipeo cha 1.5, kila moja linapitisha mita za ujazo 9 na zaidi likiwa limejaa hadi dari. Hiyo nayo ni kanuni ya mstari mmoja.

Jiulize maneno ya bibi yule yangeingia wapi katika ile ramani ya buluu. Bonde la kilomita za mraba 6 likigawanywa katika miraba ya mita 10 kwa 10 lina miraba 60,000. Kila mmoja una mwinuko wake, mkwaruzo wake, na kasi yake ya kunywa maji. Hayupo binadamu aliyezitazama thamani hizo zote. Nyingi ziko vile programu ilivyozikuta, au vile ramani ya matumizi ya ardhi ya dunia nzima inavyodhani. Taarifa kwamba matete yalikatwa inaweza kuingizwa, ndiyo, kwa mtu mwenye subira anayejua aguse miraba ipi na kiasi gani. Lakini programu haiiulizi. Fomu haina nafasi iliyoandikwa "chini ya bonde kuna nini?" na kwa hiyo hakuna anayeshuka kwenye gari kwenda kutazama.

Kuhusu mwinuko, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Data nyingi za mwinuko tunazotumia bila malipo zilitokana na safari ya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi Februari 2000. Kilizunguka dunia kikiipima kwa rada, na kazi ile ni ya kushukuriwa sana. Kabla yake baadhi ya maeneo yetu tulikuwa na ramani za 1:50,000 pekee, na nyingine zimepitwa na wakati. Lakini data hizo zina nukta moja kila mita 30, na kosa la wima lililoruhusiwa na waliozitengeneza lilikuwa hadi mita 16. Hali halisi mara nyingi ni nzuri kuliko hapo, mita kadhaa. Sasa kijito chenye upana wa mita 3 na kina cha mita 1.5 utakiona wapi kati ya nukta mbili zilizoachana mita 30? Na rada ile huona majani kabla ya kuona udongo, hivyo miti iliyosimama kandokando ya mto huweza kuonekana kama tuta refu. Programu inapokea tuta, inayatafutia maji njia nyingine, na inakupa kina chake kwa sentimita. Hesabu haina kosa lolote. Imefanywa kwa uaminifu juu ya ardhi ambayo haipo.

Pakiwa na upimaji wa kweli, mambo hubadilika. Mpima akikuletea sehemu za mto alizopima kwa fito na kifaa, au droni ikiwa imepita wakati wa kiangazi majani yakiwa yamekauka, modeli kubwa inakuwa na cha kutafuna, na mimi mwenyewe huiomba. Ninachopinga ni kuipa modeli kubwa data ndogo, kisha kusoma majibu yake kana kwamba ukubwa wa modeli umeziongeza data.

Kuna kanuni moja ambayo kila mhandisi wa maji duniani anaijua, ya Robert Manning. Alikuwa mhandisi wa Ireland, aliyeanza kazi upande wa hesabu za fedha katika idara ya mifereji, akajifunza mambo ya maji kazini. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, aliwasilisha mbele ya wahandisi wenzake namna ya kukokotoa kasi ya maji katika mfereji kutokana na umbo lake, mwinamo wake na mkwaruzo wake. Manning mwenyewe hakuridhika na kanuni ile fupi. Vipimo vya pande zake mbili havikuoana kama alivyotaka, na kipeo chake kilikuwa kigumu kukokotoa kwa mkono enzi zile, kwa hiyo akapendekeza nyingine ndefu zaidi. Wahandisi wakaiacha ile ndefu. Fupi ndiyo iliyoingia vitabuni na ndiyo iliyomo ndani ya programu za leo, hata zile za ramani za buluu.

Nadhani walichagua vyema, na sababu inaonekana ukikaa na kanuni yenyewe. Mambo yote usiyoyajua kuhusu mfereji yamewekwa kwenye herufi moja, n. Mtaro wa udongo uliosafishwa una n ya karibu 0.03. Uache uote majani hadi magotini, n inafika 0.05 au kuzidi. Tofauti hiyo peke yake inapunguza maji yanayopita kwa asilimia 40. Mtaro ule ule, udongo ule ule, mwinamo ule ule. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtaa utafurika, swali kubwa kuliko yote ni nani anafyeka mtaro na mara ngapi kwa mwaka, na kanuni ya mstari mmoja inakuelekeza hapo moja kwa moja. Nimewahi kuona majadiliano marefu kuhusu ukubwa wa miraba ya modeli, mita 5 au mita 10, wakati bajeti ya kufyeka mitaro haikuwahi hata kutajwa.

Mpaka hapa nimezungumzia maji yanayotiririka, ambako kutokujua kwetu ni kwingi. Mtu anaweza kusema kwenye majengo mambo ni tofauti: zege tunalijua, chuma tunakijua, mizigo tunaijua, basi uigaji mkubwa hauna shida. Kwake ningetaja Sleipner A.

Hilo lilikuwa jukwaa la zege lililojengwa Norwei kwa ajili ya kuchimba gesi na mafuta katika Bahari ya Kaskazini, mahali penye kina cha mita 82. Tarehe 23 Agosti 1991 lilikuwa katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, likishushwa majini polepole kwa kujazwa maji ndani, kujiandaa kupokea sitaha yake. Sehemu yake ya chini ilikuwa na seli 24 za zege zilizoshikana. Seli za duara zinapokutana tatu tatu huacha uwazi wa pembetatu katikati, na katika baadhi ya nafasi hizo maji ya bahari yaliingia na presha yote ya kina kile, yakisukuma kuta kuelekea ndani ya seli zilizokuwa na hewa. Jukwaa lilipofikia kama mita 65, ukuta wa pembetatu mojawapo ukapasuka. Maji yaliingia kwa kasi ambayo pampu hazikuiweza. Jukwaa likazama likapondeka chini, na mtikisiko wake ukanaswa kama tetemeko la 3.0 kwenye kipimo cha Richter. Watu waliokuwa juu yake waliokolewa wote.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa kubwa lilikuwa kwenye uigaji. Jukwaa lilikuwa limegawanywa katika vipande vidogo ndani ya kompyuta, kama ilivyo desturi, lakini kwenye kuta zile za pembetatu vipande vilikuwa vikubwa mno na umbo lao halikufaa, hivyo nguvu ya kuukata ukuta ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kuta zikasanifiwa nyembamba kupita kiasi, na nondo za mahali hapo hazikupangwa inavyotakiwa.

Sasa chukua karatasi. Maji ya kina cha mita 65 husukuma kwa takriban tani 65 kwa kila mita ya mraba. Kata ukanda wa ukuta wenye kimo cha mita 1, uutazame kama boriti iliyoshikwa ncha zote mbili. Mzigo wote ni tani 65 mara urefu wa boriti, na kila ncha inabeba nusu. Hakuna ujanja wa umbo au wa vipande unaoweza kuupunguza mzigo huo. Maji yanasukuma, na kitu fulani lazima kipokee. Fundi mchundo aliyesoma vizuri anaweza kufanya hesabu hii, na akiiweka kando ya tarakimu ya kompyuta ataona tofauti kubwa kiasi kwamba hatalala.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Jukwaa jipya lilitakiwa haraka, na wahandisi hawakuwa tayari kusubiri majibu mapya ya kompyuta ambayo yangeaminika. Wakaanza kusanifu zile sehemu nyeti kwa mbinu za zamani, za enzi ya rula ya kukokotolea. Majibu ya kompyuta yalipokuja, usanifu wa mkono ulikuwa umeshamalizika na sehemu kubwa ilikuwa imeshajengwa. Aprili 1993 jukwaa hilo jipya liliunganishwa na sitaha yake salama.

Haki ya kompyuta nayo isemwe. Uchambuzi wa aina ile ile, uliofanywa baada ya ajali kwa uangalifu zaidi, ulikadiria kwamba kuta zile zingevunjika kwenye kina cha mita 62. Karibu kabisa na ilivyotokea. Chombo kilikuwa na uwezo. Kilichokosekana ni mtu mwenye hesabu nyepesi kichwani ya kumwambia kwamba jibu lililo mbele yake haliwezekani. Ndiyo maana nawataka vijana wangu waandike makisio yao kwa kalamu kabla ya kuwasha programu, na wayaache kwenye ripoti hata kama yalipishana na majibu ya mwisho. Makisio yaliyoandikwa baada ya kuona jibu hayana thamani yoyote. Macho yameshaona, mkono unafuata.

Kuna mahali ambapo modeli rahisi inafika mwisho wake. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza Dar es Salaam, unavuka Barabara ya Morogoro pale Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na tangu hapo Jangwani imefungwa na maji mara nyingi kiasi kwamba wasafiri wameshazoea kutafuta njia nyingine. Pale maji hayaendi upande mmoja. Yanatanda uwandani, yanazuiwa na tuta la barabara, na bamvua ikikutana na mvua kubwa bahari inayazuia yasitoke. Namba moja ya kukawia haiwezi kusimulia hayo. Ukitaka kujua kama kuinua daraja la Jangwani kutaihamishia shida Magomeni au Upanga, lazima uyaache maji yatande ndani ya kompyuta, kwa upimaji mzuri wa ardhi na vipimo vya kupwa na kujaa.

Hata hapo ningeanza na karatasi. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Zidisha kwa eneo la bonde, zidisha kwa mvua ya siku mbaya, ondoa kinachonywewa na ardhi. Ukiwa na ujazo huo mkononi unaweza kuuliza modeli kubwa imeyaweka wapi maji yote. Nimewahi kupokea uigaji wa mji ambao theluthi moja ya mvua ilikuwa imepotea kwenye mipaka ya ramani bila mtu kugundua, kwa sababu picha ilikuwa nzuri na vishale vyote vilielekea baharini.

Urahisi huu si wa bure, na hapo ndipo wanaoudharau na wanaousifu wanapokosea kwa pamoja. Vigezo vitatu vya ile modeli ya mwaka 1976 vilipatikana kwa kupima mvua na maji misimu kwa misimu, kwenye vijito vya kweli, kisha kuamua nini kibaki na nini kiachwe. Kuacha ndiyo kazi ngumu. Mtu hawezi kujua kwamba vitu vitatu vinatosha mpaka awe amevipima vingi.

Na vigezo hivyo vimezeeka. Vilipimwa katika mabonde ya vijijini ya wakati ule. Jedwali la muda wa kukawia halina mstari wa mtaa wa mabati uliojengwa kwenye mteremko bila mitaro, wala bonde lililochimbwa mchanga wa kujengea hadi likawa mashimo, wala mashamba yenye vijifereji kama yale ya Morogoro. Tunayakisia hayo kwa kuyasogeza kwenye mstari ulio jirani. Kuyapima upya hakuhitaji maabara ya Ulaya. Kunahitaji kipimamvua katika uwanja wa shule, na mwalimu wa sayansi anayelipwa posho ya kukisoma. Ubao wenye alama za sentimita uliofungwa kwenye nguzo ya daraja. Na mkazi wa karibu, mwenye simu, wa kuandika saa maji yalipoanza kupanda na saa yalipofika kilele. Miaka michache ya vuli na masika katika mabonde machache yaliyochaguliwa vizuri, na tungekuwa na mistari mipya ya jedwali iliyo ya kwetu.

Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba inaweza kujificha ndani ya mradi wowote wa barabara. Kwa hiyo katika hadidu za rejea ninazoshirikishwa kuziandika sasa naomba kifungu kimoja kiongezwe: mhandisi mshauri aweke ubao wa vipimo kwenye kila kivuko kikubwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, akubaliane na serikali ya kijiji ni nani atausoma, na ubao ubaki pale baada ya yeye kukabidhi ripoti na kuondoka.